Kinga ya ngege huanzia kwa wazazi: mwongozo kamili wa kupanga wazazi na kuhesabu vimelea bwawani

Bwawa linaloshambuliwa na vimelea kila baada ya miezi michache, hata baada ya chumvi na dawa, mara nyingi lina tatizo lililoanza kabla ya maji kuchafuka: samaki wote ni ndugu. Kuanzia Kibos na Ahero hadi Yala na Budalangi, magharibi mwa Kenya, mfugaji hununua vifaranga sehemu moja, hubakiza wachache wawe wazazi, kisha watoto wa hao nao huwa wazazi. Kwa macho hakuna kilichobadilika. Lakini kila kizazi aina fulani za jeni za kinga hupotea, na hazirudi kwa kulisha vizuri wala kwa kubadilisha maji.

Mwongozo huu ni wa anayezalisha vifaranga wa ngege (Oreochromis niloticus), wa kuuza au wa bwawa lake mwenyewe. Unaeleza namna ya kupanga wazazi ili utofauti wa jeni za kinga usipotee, namna ya kuhesabu vimelea kwa hadubini ya kawaida, na namna ya kujua kama mzigo wa vimelea umeletwa na maji au na damu, yaani undugu wa wazazi.

Jeni zenyewe zinafanya nini

Jeni zinazotuhusu zaidi huitwa jeni za MHC. Hutengeneza molekuli zinazokaa juu ya seli, zikishika vipande vidogo vya protini na kuvionyesha kwa seli nyeupe za ulinzi. Kipande kikiwa cha mgeni, ulinzi huamka. Kuna makundi mawili makubwa. La kwanza huonyesha vipande vinavyotoka ndani ya seli, kwa mfano vya virusi. La pili huonyesha vilivyomezwa kutoka nje, vikiwemo vya bakteria na minyoo. Kwa samaki wenye mifupa, makundi haya yako kwenye kromosomu tofauti, na katika jamii ya ngege na fulu (jamaa zao wadogo wa ziwani) idadi ya nakala za kundi la pili hutofautiana hata kati ya samaki wa spishi moja.

Kila toleo la jeni hizi hushika vipande vya umbo fulani tu. Kwa hiyo samaki aliyerithi toleo moja kwa baba na jingine kwa mama hutambua wavamizi wengi kuliko aliyerithi toleo lile lile pande zote mbili. Isitoshe, vimelea huzaliana haraka na kuzoea matoleo yaliyo mengi bwawani, basi samaki mwenye toleo adimu huwa na nafuu mpaka toleo lake nalo lienee. Ndiyo sababu hakuna jeni moja bora ya kudumu. Ulinzi wa bwawa uko kwenye mchanganyiko.

Je, matoleo mengi zaidi ni bora zaidi daima? Hapana, na hapa wengi hukosea. Utafiti uliofahamika sana ulifanywa Ujerumani, kwa samaki mdogo wa maji baridi mwenye miiba mitatu mgongoni (Gasterosteus aculeatus). Mwaka 2001 Thorsten Reusch, Manfred Milinski na wenzao walionyesha kwamba majike wake huchagua madume kwa kufuata idadi ya matoleo ya MHC. Mwaka 2003 Mathias Wegner na wenzake walionyesha kwamba waliokuwa na vimelea vichache zaidi ni wale wenye idadi ya kati ya matoleo, si wale wenye nyingi kupita kiasi. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba matoleo yakizidi, mwili hulazimika kuondoa seli nyingi za ulinzi zisije zikashambulia mwili wenyewe.

Kwa mfugaji, maana yake ni mbili. Kwanza, zuia ndugu kuzaana. Pili, usikusanye samaki kutoka kila pembe ya dunia ukidhani kila damu mpya ni kinga mpya. Samaki wa mbali huweza kukosa kinga dhidi ya vimelea vya hapa, au kuja na vya kwao. Norway ililipa gharama hiyo. Mnyoo wa ngozi Gyrodactylus salaris uliingia huko miaka ya 1970 pamoja na samoni waliotoka upande wa Bahari ya Baltiki. Samoni wa Baltiki waliuvumilia kwa sababu wameishi nao muda mrefu, lakini wale wa mito ya Norway walikufa kwa wingi, na baadhi ya mito ikabidi itiwe sumu ili kuanza upya.

Hesabu ya wazazi

Idadi ya samaki bwawani haisemi lolote kuhusu undugu. Kinachohesabiwa ni wazazi waliochangia kweli, na hesabu yake ni hii: zidisha madume kwa majike, zidisha tena kwa 4, kisha gawa kwa jumla ya madume na majike. Jibu ndilo idadi halisi ya wazazi kijenetiki. Ukigawa 1 kwa mara mbili ya jibu hilo, unapata kiasi cha undugu kinachoongezeka kila kizazi.

Madume 2 na majike 20, mpango unaoonekana sana kwenye mabwawa madogo, hutoa idadi halisi ya takriban 7 tu, na undugu huongezeka kwa karibu asilimia 7 kila kizazi. Baada ya vizazi vinne umefika kama asilimia 25, sawa na mtoto wa kaka na dada wa tumbo moja. Madume 8 na majike 24 hutoa 24, ongezeko la asilimia 2 hivi. Madume 24 na majike 24 hutoa 48, ongezeko la asilimia 1 hivi kwa kizazi, na baada ya vizazi vinne bado uko karibu asilimia 4. Majike ni wale wale 24. Kilichobadilika ni madume.

Hesabu hii inachukulia kwamba kila mzazi amepata nafasi sawa. Ngege hawaendi hivyo. Dume mmoja mkubwa huteka sehemu kubwa ya chini, huchimba kiota na kufukuza wengine, na majike wachache walio tayari hujaza kizimba kwa vifaranga wao. Ukikusanya vifaranga wote kwa pamoja bila kugawa, unaweza kuwa na wazazi 48 kizimbani na wachangiaji kumi tu.

Kupata wazazi wa mwanzo

Muuzaji wa vifaranga aulizwe mambo matatu kabla ya bei: vifaranga hawa wametoka kwa majike wangapi, wazazi wao walitoka wapi, na je, wamelishwa homoni?

Swali la homoni ndilo linaloharibu mipango mingi. Vifaranga wa madume watupu hupatikana kwa kuwalisha wadogo chakula chenye methiltestosteroni, kwa kawaida miligramu 60 kwa kilo ya chakula, kwa siku 21 hadi 28. Kati ya madume hao wapo ambao kijenetiki ni majike. Wana umbo la dume na mbegu za dume, lakini kromosomu zao ni XX. Ukimfanya mzazi, watoto wake karibu wote huwa majike. Mfugaji hushangaa kwa nini bwawa limejaa majike yanayotaga mapema na kudumaa. Wazazi wasitoke kamwe kwenye kundi lililolishwa homoni, hata wakiwa wazuri namna gani.

Tafuta vyanzo viwili au vitatu ambavyo samaki wao wametokana na wale waliokwisha kuenea bonde la Ziwa Victoria. KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, ina kituo Sangoro, Nyakach, na kingine Kegati, Kisii. Ofisi ya uvuvi ya kaunti huweza kukuelekeza kwa vituo vya watu binafsi vinavyotunza kumbukumbu. Kwa kila chanzo chukua vifaranga 200 au zaidi, na uombe watoke kwenye mizunguko tofauti ya utagaji. Ukichota wote kwenye beseni moja la siku moja huenda umechukua watoto wa majike wawili.

Usivue wazazi ziwani kwa haraka ya kupata damu mpya. Samaki wa ziwa huja na vimelea vyake. Ngege huyu pia aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na huzaana na jamaa zake, kwa hiyo si kila unayemwona ni wa damu safi. Vivyo hivyo, samaki wako wasifike Ziwa Kanyaboli. Hilo ni mojawapo ya maeneo machache ambako Oreochromis esculentus, ngege wa asili wa ziwa letu, bado yupo. Mvua kubwa ikivunja kingo za bwawa lililo karibu na kinamasi cha Yala, damu hiyo huchanganyika na haitenganishwi tena. Mabwawa ya eneo hilo yawe na wavu imara kwenye mfereji wa kutolea maji.

Karantini

Wageni wakae wiki 3 hadi 4 kwenye tangi au bwawa la peke yake ambalo maji yake hayatiririki kuelekea kwa wengine. Liwe na wavu wake, ndoo yake na beseni lake. Kama huna wavu wa ziada, ule mmoja uoshwe na ukaushwe juani siku mbili kabla ya kugusa bwawa jingine. Wiki ya kwanza na ya tatu kagua samaki kwa hadubini kama ilivyoelezwa mbele. Kukagua samaki 30 kunatosha kugundua, kwa uhakika wa asilimia 95, kimelea kilichomo kwa angalau asilimia 10 ya kundi. Ukitaka kunasa kilicho kwa asilimia 5 tu, unahitaji samaki 60.

Kupanga makundi na mizunguko

Gawa wazazi katika makundi matatu, A, B na C, ikiwezekana kila kundi na chanzo chake. Kila kundi liwe na madume 24 na majike 24, wenye gramu 150 hadi 250. Idadi hii inaonekana kubwa kwa mwenye bwawa moja la mita za mraba 300, lakini wote hawahitaji kutaga kwa wakati mmoja.

Kizimba cha neti laini cha mita 2 kwa 4, kina cha mita 1, hubeba samaki 32 bila kubanana, yaani wanne kwa kila mita ya mraba. Weka majike 24 na madume 8. Madume 16 wabaki kwenye kizimba kingine bila majike. Kabla ya kuingiza madume, kata ncha ya mdomo wa juu, ule mfupa mgumu wa mbele tu, kwa mkasi mkali. Hataweza kung'ata majike, na uwezo wa kuzalisha haupungui.

Baada ya siku 12 hadi 14 inua neti taratibu asubuhi na mapema, ukisukuma samaki upande mmoja. Mshike jike kichwa kikiangalia chini ndani ya beseni la maji, fungua mdomo kwa kidole, na mayai au vifaranga watamwagika. Kwa kila jike aliyebeba, hesabu vifaranga 40 waingie kwenye kundi la kurithi uzazi. Wengine wote ni wa kuuza au wa bwawa la kula. Jike aliyetoa 600 na aliyetoa 120 wote wachangie 40. Kanuni hii ndogo ina nguvu kuliko inavyoonekana: michango ikilingana kikamilifu, idadi halisi ya wazazi huweza kukaribia mara mbili. Kabla ya kumrudisha jike, mkate ncha ndogo ya mwiba mmoja wa pezi la mgongoni ili ujue ameshatoa zamu yake.

Mzunguko wa pili toa madume 8 wa kwanza, ingiza 8 wengine. Mzunguko wa tatu ingiza 8 wa mwisho. Majike ambao hawajatoa baada ya mizunguko mitatu wape wa nne. Usijaze pengo lao kwa kuongeza vifaranga wa jike hodari, kwa maana hapo ndipo undugu unapoingilia.

Wazazi hawa hutumika miaka miwili hivi. Kizazi kinachofuata huzalishwa kwa kuhamisha madume: madume wa A waende kwa majike wa B, wa B kwa C, wa C kwa A. Mtoto hubaki na herufi ya kundi la mama yake. Kwa utaratibu huu hakuna kaka anayekutana na dada wa tumbo moja, na huhitaji maabara kujua nani ni nani mradi makundi hayajachanganyika. Neti ikitoboka na makundi mawili yakachanganyika, usikisie. Samaki hao waende sokoni, uanze upya na samaki ambao kundi lao linajulikana.

Damu mpya ni madume wachache tu kwa kila kundi kila kizazi, watatu hadi watano, waliopita karantini. Hao wanatosha kurudisha matoleo yaliyopotea bila kufuta yale yaliyokwisha kuzoea vimelea vya bwawa lako.

Kuhesabu vimelea

Hadubini ya shule yenye ukuzaji wa mara 40, 100 na 400 inatosha. Uwe pia na vioo vya slaidi, vioo vyembamba vya kufunikia, mkasi mdogo, koleo dogo, sahani za kioo, mafuta ya karafuu na daftari.

Samaki afike mezani akiwa hai, ndani ya maji ya bwawa lake mwenyewe. Mnyama mdogo wa ngozi kama Trichodina hufa au huacha mwili muda mfupi baada ya samaki kufa, kwa hiyo aliyekufa tangu asubuhi hukudanganya kwamba ni msafi. Maji ya bomba nayo yana klorini inayoua vimelea kabla hujaviona. Wachukue mmoja mmoja, wengine wasubiri kwenye ndoo yenye hewa.

Mafuta ya karafuu hayachanganyiki na maji moja kwa moja. Yachanganye kwanza na spiriti safi, sehemu moja kwa tisa, utikise. Kwa kumtuliza samaki unayetaka kumrudisha, tumia mchanganyiko wenye nusu mililita ya mafuta kwa lita 10 za maji. Kwa kumuua bila mateso, tumia mililita 4 za mafuta kwa lita 10, umwache zaidi ya dakika 10, kisha ukate uti wa mgongo nyuma ya kichwa.

Pima urefu na uzito, andika jinsi na kundi. Kisha anza na ngozi. Kwa ukingo wa kioo cha kufunikia, kwangua ute kutoka nyuma ya pezi la kifuani kuelekea mkiani, mstari mmoja wa sentimita 3, kila samaki urefu uleule. Weka ute kwenye tone la maji ya bwawa, funika, tazama kwa mara 100. Trichodina huonekana kama duara linalozunguka, ndani yake pete ya meno. Mnyoo wa Gyrodactylus hujinyoosha na kujikunja, hana madoa ya macho, na ukitazama vizuri utaona kijana wake tayari tumboni, mwenye kulabu zake. Duara kubwa jeusi linalobingirika polepole, lenye kiini chenye umbo la kwato ya farasi, ni Ichthyophthirius, ugonjwa wa madoa meupe, unaosumbua zaidi mabwawa ya baridi ya Nandi, Kericho na nyanda za juu za Nakuru kuliko ya Kisumu.

Sasa matamvua. Kata kifuniko cha upande wa kushoto, toa tao la pili la matamvua, uliweke kwenye sahani yenye maji ya bwawa na utenganishe nyuzi zake kwa sindano mbili. Kwa mara 40 utawaona Cichlidogyrus, minyoo wa matamvua ya jamii ya ngege, wamejishika kwa kulabu za nyuma, na kichwani madoa meusi ya macho. Hesabu wote wa tao hilo. Siku zote tao lilelile la upande uleule, la sivyo hesabu za miezi miwili hazilinganishiki.

Malizia na viungo vya ndani. Fungua uwazi wa moyo: minyoo wekundu au weupe waliojiviringisha hapo, wenye urefu wa sentimita kadhaa, ni mabuu ya Contracaecum, ambao hukomaa ndani ya ndege wanaokula samaki, kama mwari na mnandi. Uvimbe wa manjano chini ya ngozi au karibu na matamvua ni mabuu ya Clinostomum, yanayopitia kwa konokono na kukomaa kwa korongo. Jicho likiwa na ukungu, pasua lenzi juu ya slaidi utafute mabuu ya Diplostomum, ambayo huogelea yakijikunja.

Rudia mara mbili kwa mwaka, wakati wa mvua ndefu za Machi hadi Mei na wakati wa baridi ya Julai. Anayehesabu asijue samaki ametoka kundi gani. Mwenzake ampe namba tu. Mtu akijua kwamba huyu ni wa kundi analolipenda, jicho huona anachotaka.

Kuzisoma hesabu

Kwa kila kimelea andika asilimia ya samaki walionacho na wastani kwa waliokuwa nacho. Mfano: samaki 30, kati yao 24 wana minyoo ya matamvua, jumla 312. Walioambukizwa ni asilimia 80, na wastani ni 13 kwa samaki. Usiishie hapo. Panga hesabu kuanzia ndogo hadi kubwa. Kwa kawaida utakuta samaki wachache wamebeba sehemu kubwa ya minyoo wote, na wengi wana wachache. Mtawanyiko huo ni wa kawaida.

Hesabu zikiwa juu kwa karibu wote, hasa za Trichodina, tazama maji kwanza: msongamano, mabaki ya chakula, tope jeusi la chini, na hewa chini ya miligramu 4 kwa lita alfajiri. Jeni hazina kesi hapo. Mabuu ya Clinostomum na Contracaecum nayo husema habari za konokono, ndege na wadudu wa majini kuliko za damu.

Kinachoashiria damu ni kundi moja kuwa juu kuliko mengine, msimu baada ya msimu, ndani ya maji yaleyale. Na njia ya haki ya kuthibitisha ni jaribio moja. Chukua vifaranga 100 wa kila kundi, umri mmoja, gramu 10 au zaidi. A wakatwe pezi la tumboni la kushoto hadi shinani, B la kulia, C sehemu laini ya nyuma ya pezi la mgongoni. Wape siku 10 wapone, kisha wote waingie bwawa moja kwa wiki 8. Toa 30 wa kila kundi, uhesabu. Kundi likiwa na wastani mara mbili ya mengine na samaki wake wengi wakiwa na mzigo, si wawili watatu tu, liongezewe damu mpya kwanza.

Usiende upande wa pili wa kosa. Kuchagua samaki kumi waliokuwa na vimelea sifuri na kuwafanya wazazi wa kila kitu ni kurudi kwenye bwawa la ndugu kwa mlango wa nyuma. Waondoe waliobeba mizigo mikubwa kupindukia kutoka kila kundi, idadi sawa kwa kila kundi, na uwaache wengine wote.

Wakati wa kutibu

Kwa Trichodina na minyoo ya ngozi na matamvua, chumvi ya kawaida hufanya kazi: kilo 1 kwa lita 100 za maji, dakika 30, kwenye chombo cha plastiki chenye hewa. Samaki wasile siku moja kabla, na wasizidi kilo 5 kwa lita 100. Jaribu kwanza kwa samaki watano. Anayelala ubavu atolewe mara moja. Cichlidogyrus hutaga mayai ambayo chumvi haiyaui, hivyo rudia baada ya siku 7 na tena siku ya 14. Wengi huoga mara moja, wiki mbili baadaye minyoo wamerudi, wakasema dawa haifai. Formalini tunashauri uiache kwa mtaalamu: ni sumu kwa anayeishika na hupunguza hewa ya maji.

Mabuu yaliyojifungia mwilini hayaondoki kwa kuogesha. Hapo ni kuvunja mzunguko. Kausha bwawa mpaka udongo wa juu upasuke, wiki 2 hivi, ng'oa nyasi za kingo zinazolea konokono, kisha tandaza chokaa isiyozimwa kilo 30 hadi 45 kwa bwawa la mita za mraba 300, tope la chini likiwa bado na unyevu, ukivaa glavu na miwani. Jaza maji, na usiweke samaki mpaka pH ishuke chini ya 9. Kwenye mashamba yanayopakana na mpunga wa Ahero, konokono hurudi kwa mfereji, basi mlango wa maji uwe na kichujio cha neti laini kinachosafishwa kila siku. Kamba zilizonyooshwa juu ya bwawa kila sentimita 30 huzuia mnandi na korongo kutua.

Sampuli za maabara

Ukitaka kujua utofauti uliobaki, KMFRI au chuo chenye idara ya samaki, kama Chuo Kikuu cha Eldoret, ndiko pa kuanza kuuliza. Wewe kazi yako ni sampuli nzuri. Kwa kila kundi, samaki 30 waliochaguliwa bila kuangalia ukubwa. Kata kipande cha pezi la mkia chenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, kitie kwenye kichupa chenye etanoli ya asilimia 95, etanoli ikiwa angalau mara 10 ya kipande. Badilisha etanoli baada ya saa 24, maana maji ya kipande huipunguza nguvu na DNA huanza kuoza. Mkasi upanguswe kwa karatasi, uchovywe kwenye etanoli na kupitishwa kwenye moto kati ya samaki na samaki. Andika namba kwa penseli kwenye karatasi ndogo iingie ndani ya kichupa, kwa sababu wino wa kalamu nyingi huyeyuka kwenye etanoli.

Omba vipimo viwili. Cha kwanza ni alama za kawaida za DNA ambazo huonyesha undugu kwa jumla. Cha pili ni kusoma sehemu ya jeni za MHC kundi la pili inayoshika vipande vya vimelea. Kwa kuwa nakala ni nyingi, samaki mmoja huonyesha matoleo kadhaa, hivyo usomaji wa mashine za kisasa unaotenganisha kila mfuatano ndio unaofaa. Matokeo yakija, linganisha makundi, si samaki mmoja mmoja. Kundi lenye matoleo machache na hesabu kubwa za minyoo ndilo linalostahili madume wapya katika mzunguko unaofuata.